Siku Tulipoacha Kumsalimia Mtendaji

Nyamizi,

Salamu tulishapeana asubuhi, na wewe unanijua, sina maneno ya kupambia barua. Saa hizi uko kwa msusi wako, umesema hutarudi mpaka jua lizame, basi nimekaa mezani na daftari lako la chuo, zile kurasa za nyuma ulizobakiza. Chandarua, dawa za malaria, kuchemsha maji: hayo unayajua kuliko mimi, na usiyoyajua utayajua siku ukiugua. Ninachotaka kukuandikia ni jambo ulilopaswa kuambiwa zamani. Sikukuambia kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga akikaa na jambo miaka kumi na minane huanza kujiona kama mtu mwenye busara.

Jana ulinisomea barua yako ya kupangiwa kituo kwa sauti mpaka jirani akasikia. Mtendaji wa kijiji, upande wa Mpanda, uripoti Jumatatu kwa mtendaji wa kata. Ukasoma na jina lake, Linus. Nikainuka nikaenda jikoni. Ukanifuata ukaniuliza ninalia nini, nikasema moshi wa mkaa. Mkaa gani unatoa moshi namna ile? Lilikuwa jina. Kule porini tulikokuwa tunaishi kabla ya kuhamia hapa Ipuli, ukipita Urambo halafu unaingia ndani kwa baiskeli mpaka miguu ife ganzi, Linus ndiye aliyekuwa mtendaji wa kijiji chetu. Alikuwa na mke anaitwa Devota. Devota alikufa na mtoto tumboni, na mimi ndiye niliyemwacha afe.

Sasa soma polepole. Usiruke mistari kama unavyorukaga.

Ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka bani letu, kile kibanda kirefu cha miti na udongo tulichokaushia tumbaku, kwa sababu uliwahi kuunguza kiganja kwenye bomba lake. Kila kaya ilikuwa na bani. Tumbaku ikishaiva shambani haingoji mtu: ivunwe, ifungwe kwenye fito, iingie banini, moto uwake siku nyingi mfululizo. Bila bani unavuna uchafu. Mwaka ule, majani yakiwa yamefika kiunoni, ikaja amri kwamba mabani yote ya zamani yavunjwe kwa sababu yanamaliza misitu, na atakayekausha tumbaku akaushe kwenye bani la kisasa la matofali tu. Amri ilitoka kwa mkubwa mmoja ambaye cheo chake nakiacha. Msitu ulikuwa unaisha kweli, sikatai. Lakini matofali ya kijiji kizima yachomwe na nani, mvua ikinyesha kila siku?

Wazee wawili walipanda baiskeli kwenda kuuliza. Waliuliza kwa adabu, kofia mkononi. Wakawekwa ndani siku tatu kwa uchochezi, wakarudi mmoja akiwa hasikii sikio la kushoto. Baada ya hapo mgambo wakaja na shoka, wakaanza kitongoji cha kwanza. Walivunja mabani na mengine yalikuwa yana tumbaku ndani. Linus alitangulia na karatasi yenye majina, anaonyesha hili la fulani na hili la fulani. Alikuwa kijana mwembamba, shati limechomekwa, anatembea anaangalia chini. Tulimchukia kuliko wale wenye shoka.

Basi Mzee Maganga, mtemi wa sungusungu wetu, akapuliza filimbi na watu wakakusanyika kule bondeni. Sungusungu unawajua, ni ulinzi wa wanakijiji wenyewe, wenye sheria zao. Mzee Maganga alisema hatupigi mtu, hatuchomi kitu, hatupeleki tena mzee yeyote akapasuliwe masikio. Tutamtenga. Kuanzia siku ile hakuna kumsalimia mtendaji, hakuna kuitikia hodi yake, hakuna kumuuzia unga, kumpa moto, kumchotea maji wala kumpakia kwenye baiskeli. Akiitisha mkutano, tusiende. Atakayevunja naye atatengwa, na akifiwa atazika peke yake. Kosa gani hapo la kumpeleka mtu polisi? Hakuna sheria ya nchi inayosema lazima umwitikie mtu hodi.

Ninakuambia ukweli, nilifurahi. Nilikulia kwenye hadithi ya namna hiyo. Bibi yangu alinisimulia kwamba reli hii utakayosafiria kesho inafuata njia ya wapagazi, na kwamba zamani, msafara mmoja wa pembe ulifika kijijini kwao, tajiri wake akakataa kumpa mtemi wa pale hongo ya nguo, ule ushuru wa kupita. Kijiji kikafunga malango na kuziba visima kwa miiba. Siku ya tatu tajiri akatoa nguo, ngoma zikapigwa. Bibi akifika hapo alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu, nami nacheka naye. Hakusahau kutaja kwamba tajiri alikuwa na viriba vyake vya maji, na walioanguka siku zile tatu walikuwa wapagazi. Alilitaja kama unavyotaja hali ya hewa. Sikuwahi kumuuliza wapagazi wale walizikwa na nani.

Narudi bondeni. Mzee Maganga alipomaliza, mtu mmoja nyuma akauliza, "Na mke wake je?"

Watu wakageukiana. Wengine wakaniangalia mimi, na niliona wakiniangalia. Devota alikuwa shoga yangu. Alikuja kijijini hajui mtu, nikamwingiza kwenye jumuiya yetu ya sala, nikamwonyesha kisima kisicho na tope. Wewe ndiye uliyekuwa unashinda kwake. Mtu wa kwanza kukusuka nywele zikatulia ni Devota, kwa sababu kwangu ulikuwa unapiga kelele. Alikuwa na mimba, na mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Nilikuwa nimepelekwa semina na kupewa begi la bluu lenye glavu, wembe na uzi. Nusu ya watoto wa kijiji kile nimewapokea kwa mikono hii.

Kwa hiyo wakaniangalia, wanangoja kuona kama nitamtetea. Ningeweza kusema, mwanamke mwenye mimba hatengwi. Naamini Mzee Maganga angekubali, alikuwa na binti wa umri ule. Nikafikiri, nikisema hivyo watasema huyu ni wa kwao, huyu ndiye anayepeleka habari. Nikafikiri bani letu liko kitongoji cha pili. Nikasimama nikajifunga kanga kiunoni, nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kujua ninayo: "Nyumba ni nyumba."

Wakashangilia. Wanawake walinipigia vigelegele, Nyamizi. Nilirudi nyumbani natembea kama nimevishwa cheo.

Utaniuliza kama ilifanya kazi. Ilifanya kazi kuliko nilivyowahi kuona kitu kikifanya kazi. Mgambo walikuwa watu wa kutoka nje, wanahitaji kula, na hapakuwa na wa kuwauzia hata kiazi. Linus aliitisha mkutano, akakaa na meza yake na karatasi ya mahudhurio uwanjani kuanzia saa nne mpaka saa nane, hakuna aliyetia sahihi. Bila mahudhurio hana taarifa ya kupeleka, na bila taarifa wale wa juu yake nao hawana cha kupeleka juu zaidi. Huko ndiko serikali inakoumia, nimejifunza. Ukiilalamikia haisikii. Ila makaratasi yakianza kupanda matupu, watu wenye viti vizuri huanza kupigiana simu. Shoka zilisimama kitongoji cha kwanza. Hazikufika kwetu.

Linus akakonda. Alikuwa anapita barabarani anaamkia watu, "Shikamoo mzee," na mzee anaendelea kuchonga mpini wake. Kabla ya hapo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa kunyimwa marahaba. Siku moja alisimama mbele ya duka akasema tu, "Jamani, mimi nimetumwa." Muuza duka akafunga dirisha. Tuliigiza hiyo jioni nzima, jinsi alivyosema jamani, na mimi nilikuwa naiga sauti yake vizuri kuliko wote.

Na Devota tulimfanyia yetu, sisi wanawake. Jumuiya ilihamia nyumba nyingine na hakuna aliyemwambia. Alifika pale pa zamani na rozari yake, akakuta mlango umefungwa, akasali peke yake nje. Kisimani akifika, tunajitwisha ndoo hata kama hazijajaa. Tulikuwa tunafanya hivyo tukisali Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyeona vibaya kupokea komunyo.

Sasa hili linakuhusu wewe. Una alama ndogo pembeni ya jicho la kulia. Huwa unawaambia watu ulianguka kwenye jiwe, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuambia. Hukuanguka. Tulikuwa njiani mimi na wewe, Devota akatokea mbele yetu ameshika kiuno, na wewe ukamkimbilia ukasema, "Shikamoo mama Devota." Watu walikuwa wanapalilia pembeni, walisikia. Nilikuvuta nikakupiga kofi, pete yangu ikakuchana. Ukalia, ukaniuliza umefanya nini. Nilikuambia, ukimsalimia tena yule nitakuua. Devota alisimama kidogo, akasema polepole, "Usimpige mtoto, mama Nyamizi. Nitapita njia nyingine." Na kweli akawa anapita njia nyingine, ile ndefu, na tumbo lake.

Wiki zikapita. Siku yenyewe ilikuwa mchana, saa nane, mvua imekatika, kila mtu yuko nyumbani anafunga majani. Linus alikuwa ameitwa kwa wakubwa wake kwenda kutukanwa kwa sababu ya zile taarifa tupu. Tuliona anaondoka kwa miguu alfajiri. Baba yako alikuwa amekaa chini na fito mapajani. Wewe ulikuwa umelala. Nikasikia hodi.

"Mama Nyamizi, hodi."

Sikuitikia.

"Mama Nyamizi, najua umo, moshi wako nauona. Uchungu umenishika, na siku bado. Angalia mwenyewe." Akapenyeza kitu chini ya mlango. Ilikuwa kadi yake ya kliniki, imelowa pembeni. Niliiokota nikaisoma nikiwa nimesimama, kama mhudumu mwema. Mimba ya miezi saba. Shinikizo la damu nesi alilizungushia kalamu nyekundu. Mimi nilikwenda semina, nilijua maana ya ile nyekundu.

Baba yako akasema, "Fungua."

Nikamwambia kwa kunong'ona, "Fungua wewe, halafu kesho utafute wa kukusaidia bani, na huyu mtoto akifa utamzika na mbwa." Alikuwa mtu mpole, baba yako, na mimi nilijua upole wake una kikomo chake wapi. Aliangalia fito zake. Hakuinuka.

Devota akasema tena, karibu kabisa na mbao: "Kama huwezi kutoka, sikulaumu, najua mmekatazwa. Niambie tu nifanyeje. Niambie hapo hapo mlangoni, hakuna atakayesikia. Nilale au nitembee?"

Alale. Alalie ubavu wa kushoto, asitembee, atume mtu zahanati kwa nesi. Maneno hayo yanamalizika kabla hujamaliza kupumua. Nilikuwa nayo mdomoni. Dirishani niliona majirani watano wamesimama kwenye milango yao, upande huu na upande ule, wameacha kazi, wananiangalia mimi. Hawakuwa wanamwangalia yeye.

Sikusema. Alingoja muda mrefu, kisha nikasikia ndala zake zinaondoka. Akatembea. Alishika njia ya zahanati iliyokuwa kijiji cha pili, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Watu walirudi kufunga majani. Warina asali waliotoka msituni ndio waliomkuta jioni ile kando ya njia, degedege limeshammaliza, na mtoto naye amekwenda. Hawakuwa na habari za kutenga kwetu, walikuwa wamekaa msituni miezi. Walimbeba kwa machela ya magome ya mizinga mpaka uwanja wa mkutano, wakawa wanauliza nyumba kwa nyumba huyu ni wa nani. Hakuna aliyewajibu hata wao.

Linus alirudi kesho yake. Kutenga kulikuwa hakujaondolewa. Mzee Maganga alikwenda kulala akisema anaumwa, na bila filimbi yake hakuna anayethubutu kuanza. Kwa hiyo Linus alichimba kaburi mwenyewe, na mgambo wawili walioletwa kwa pikipiki. Wale wale wa shoka. Sisi tulikuwa ndani. Nilisikia jembe likigonga mawe toka asubuhi mpaka adhuhuri, na nilipika ugali, Nyamizi, tukala.

Sikiliza sasa lililofuata, kwa sababu hili hawakufundishi chuoni. Wiki haikuisha, magari yakaja. Wakubwa hawakumlilia Devota. Waliogopa kuulizwa, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa kura, na mke wa mtumishi wa serikali aliyefia njiani kijiji kizima kikiangalia ni habari inayotembea. Wakatangaza uwanjani kwamba serikali imesikia kilio cha wananchi, amri ya mabani imeahirishwa mpaka itakapotafakariwa. Kukosea hawakutaja. Walisema kulikuwa na watendaji wachache wa ngazi ya chini walioitekeleza vibaya. Linus alikuwa amesimama nyuma yao, udongo bado uko kwenye viatu, akaambiwa mbele yetu anahamishwa. Sisi tukatakiwa tushukuru. Wakataka mwanamke asome risala, na nani aliyekuwa anajua kusoma vizuri? Nilisoma. Nilisema "serikali yetu sikivu" mara tatu, kwaya ikaimba, watu wakacheza. Jioni mabani yote yaliyosalia yalikuwa yanafuka moshi na mimi nilikuwa na furaha. Usinitafutie udhuru hapo. Furaha kabisa, tumeshinda.

Usiku wa siku nyingine ndipo nilipoikuta kadi kwenye mfuko wa gauni, nikawa siwezi kuitupa wala kuichoma. Mwaka uliofuata watoto wa kijiji walikuwa wanacheza mchezo wao, mmoja anakuwa Devota, anapiga hodi, wengine wanaziba midomo. Wewe ulikuwa unacheza nao. Ndipo nikamwambia baba yako tuhame. Hakuniuliza kwa nini. Miaka yote tuliyoishi hapa Ipuli hakuwahi kuitaja siku ile, ila alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho aliniuliza, "Ile kadi unayo?" Nikasema ninayo. Akageukia ukutani.

Kuna kingine. Miaka michache nyuma, mezani kwangu pale sokoni, alikuja kununua dagaa mzee mmoja aliyekuwa tarishi katika ofisi ile ya wakubwa. Tukatambuana. Katika maongezi akasema, yule mtendaji wenu mlimwonea, yeye ndiye aliyekuwa anatuandikia. Kumbe Linus aliandika barua mbili kuomba tupewe msimu mmoja tuvune kwanza. Alitukanwa kwa barua hizo. Hakutuambia kwa sababu angetuambia angefukuzwa siku hiyo hiyo. Yule mzee alipima dagaa wake akaondoka. Mimi nilikaa pale mpaka soko likafungwa.

Usije ukadhani ninakuambia tungenyamaza. Tungenyamaza, mabani yangevunjwa yote na wewe usingesoma, kwa sababu ada yako ya kwanza ilitoka kwenye tumbaku ile ile. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningependa iwe haikufanya kazi, nijue tulikosea basi. Lakini ilifanya. Wale wa juu walisogea, na walisogea kwa sababu yetu. Tulichokosea ni kwamba mkono wetu haukuwafikia, ukamfikia aliye karibu, na alipokuwa hatoshi tukamchukua mke wake. Na ili kila mtu ashike mstari, sisi nasi tukatoa amri yetu, tukaweka wapelelezi wetu milangoni. Niliogopa wale majirani watano kuliko nilivyowahi kuogopa polisi.

Jumatatu wewe utakuwa ndiye aliye karibu. Utapewa karatasi yenye majina uende nayo, na utakwenda, kwa sababu ndiyo kazi. Kitu kimoja tu nakuomba, na kukifanya ni juu yako. Ukipita njiani ukaona marahaba zinapungua, usikasirike na usiandike kwamba wananchi hawana ushirikiano. Kaa chini siku hiyo hiyo ujue ni nini umewapelekea. Ukiandika barua ya kuwatetea, mwambie hata mtu mmoja kijijini kwamba umeandika. Utakuwa unahatarisha kazi. Linus alilinda kazi yake, na sote tunajua alilipwa nini.

Na yeye atakujua. Jina la ukoo halitamwambia kitu, ila mimi kule nilikuwa mama Nyamizi, hakuna aliyeniita vingine. Utaingia ofisini kwake, utasema, "Shikamoo, naitwa Nyamizi," na atakuangalia hapo kwenye jicho. Mchana huu, kabla ya kuanza kuandika, nilikuwa nimeshaiweka ile kadi chini kabisa ya begi lako, ndani ya shuka, na kikaratasi: mpe bosi wako, sema mama anaomba radhi. Nimefunga zipu nikajisikia mwepesi. Nikaenda kukosha vyombo, na katikati ya vyombo nikajiona. Nimeshindwa kumfikia anayenidai, kwa hiyo namtanguliza aliye karibu, ambaye hakufanya lolote zaidi ya kusalimia.

Nimeitoa. Ipo kifuani kwangu ninapoandika.

Kesho stesheni nitakupa bahasha hii mkononi na kukuambia usiifungue mpaka treni iipite Urambo. Utanipungia mkono ukidhani ninabaki. Sibaki. Nimekata tiketi, niko behewa la mwisho. Jumatatu nitatangulia mimi ofisini kwa Linus, na wewe utangoja nje. Nitasimama mlangoni na kadi ya mke wake nipige hodi. Akinyamaza nitaendelea kusimama. Sijui atanifanya nini, na sikuombei wala sijiombei lolote hapo.

Wewe una safari ndefu ya kufikiri mpaka Mpanda. Nitashuka kwenye vituo vikubwa kunyoosha miguu, huenda tukakutana. Ukinipita bila kuniamkia, sitakuita. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Mama yako